Aliyemfunga Baba Yake

Ufunguo ulizunguka, ukakwama, ukazunguka tena.

Mnakumbuka tulimwacha wapi Kitinda: ndani ya stoo ya vifaa nyuma ya nyumba ya baba yake, mlango umefungwa kwa nje, hatua za mtu zinakuja. Wapo wasomaji walioapa kwamba ni baba yake na panga. Wapo waliosema ni polisi. Poleni nyote, maana mlango ulipofunguka aliingia binti wa watu, viatu mkononi, anahema.

Alikuwa Sindano, mchumba wake. Ni fundi cherehani, na jina hilo mtaa ulimpa kwa kazi yake na kwa ulimi wake vilevile.

"Nimeuiba kwa shangazi yako," alisema, akionyesha ufunguo. "Yuko bafuni. Vaa viatu tuondoke."

Kitinda hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya sururu na makoleo ya mpini mfupi, mali ya ukoo wa wachimba visima. Msumarini ilining'inia kofia ngumu aliyoinunua mwenyewe, bado imo kwenye nailoni yake, kwa sababu katika nyumba ile ukivaa kofia kisimani unaulizwa kama unakwenda harusini. Kulikuwa na dirisha, lakini la kupitisha paka, tena paka mwenye njaa.

"Tuondoke kwenda wapi?"

"Popote wasipokujua."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasema kwa kifupi, kisha tusirudi nyuma tena. Kaka yake Kitinda, ambaye kila mtu alimwita Dume, alishuka kwenye kisima cha Dobi bila kamba kiunoni, kama wanaume wa ukoo wao walivyoshuka siku zote. Akaanguka kule chini bila kutoa sauti. Baba yao, Mzee Kina, akavua shati amfuate. Kitinda akamkamata baba yake mzazi mbele ya majirani, akamfunga kwenye nguzo iliyo ukingoni mwa kisima kwa kamba ya ndoo, kisha akakimbia kumwita fundi matairi aje na mashine yake ya upepo. Upepo ulipopulizwa shimoni na Dume akavutwa juu kwa ndoano, alikuwa ameshakata roho.

Dume amezikwa. Kitinda hakuruhusiwa kutupa hata konzi ya udongo kaburini. Alirudishwa nyumbani, akasukumiwa stoo, akaambiwa asubiri kikao cha ukoo.

Sasa kikao kilikuwa kimekwisha.

"Wamesemaje?" aliuliza.

Sindano hakupenda kusema, lakini si mtu wa kuzungukazunguka. "Wamesema leo alasiri ushuke kisimani mbele ya watu wote, umalizie mita moja aliyoiacha kaka yako. Ukipanda salama, umeosha aibu, jina lako linarudi. Usiposhuka, wewe si mtoto wa nyumba hii. Hutawazika na hawatakuzika. Na baba yangu naye ameshasema lake. Binti yake haolewi na mwoga."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimeiba ufunguo."

Kitinda alicheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu msiba. Akavuta kiatu kimoja, akaingiza mguu. Laiti Sindano angenyamaza hapo, hadithi hii ingekwisha leo kwa ndoa ya kutoroka na mimi ningekwenda zangu likizo. Lakini aliongeza neno.

"Harakisha. Baba yako ameiteremsha pampu kisimani tangu asubuhi, inavuta maji."

Mguu wa pili ukabaki hewani.

"Pampu ya petroli? Ameiteremsha ndani?"

"Maji yalikuwa yamejaa. Wangefanyaje?"

"Na nisipoonekana huko?"

Sindano aliangalia sakafu. "Amesema atashuka yeye."

Kitinda akakivua kile kiatu.

Alikuwa anajua kitu ambacho baba yake hakutaka kukijua. Fundi wa pampu alishamwambia, na daktari aliyempokea Dume alisema vilevile: mashine ile, ambayo siku ya Dume nayo iliteremshwa, ikikohoa ndani ya shimo, moshi wake hautoki wote. Hata harufu ikiisha, sumu inabaki imelala chini. Anayeivuta haumwi mahali. Anajisikia mchovu, anakaa apumzike kidogo, na ndiyo basi.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi kabisa, na kijana hakuwa na pa kutokea. Akikimbia, amemuua baba. Akienda, ama ashuke afe, ama akatae na kukataliwa na kila mtu aliyewahi kumwita ndugu.

"Niambie ukweli," Sindano alisema polepole. "Siku ile uliogopa?"

"Niliogopa."

"Ndiyo maana hukushuka?"

"Sijui. Usiku najiuliza. Nikisema nilitumia akili, najiona mwongo. Nikisema ulikuwa woga, najiona mwongo vilevile."

"Wapenzi wamemaliza?"

Sauti ilitoka mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama pale, nywele zinachuruzika maji. Huyu ni dada yake Mzee Kina, mwanamke ambaye akikusifia unajipapasa mifuko kuangalia kilichopungua.

Sindano alificha ufunguo nyuma ya mgongo.

"Usijisumbue, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Niliuacha mezani makusudi. Nilikuona unavyozungukazunguka sebuleni. Nilitaka nione kama atakimbia." Akamtazama Kitinda kuanzia utosini hadi kwenye miguu iliyokuwa haina viatu. "Hajakimbia. Basi nusu ya damu yetu anayo. Twende ukaitafute hiyo nusu nyingine."

Kitinda alimwinamia Sindano sikioni. "Nenda kwa fundi matairi. Aje na mashine ya upepo. Usirudi bila yeye."

Binti akatoka mbio, viatu mkononi vilevile.

*

Ua wa Dobi uko ng'ambo ya barabara. Siku za kawaida ni mahali pa mvuke na sabuni, na shuka nyeupe zinatundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Siku hiyo katikati ya shuka kulikuwa na vichwa vya watu. Mtaa mzima ulikuja, hata wale wanaosema hawapendi umbeya.

"Mimi niliomba maji ya kufulia," Dobi alikuwa akimlalamikia kila aliyepita, pasi mkononi. "Maji tu. Sasa uani kwangu kuna msiba na kuna mashindano, na shuka za wateja zinafutiwa mikono."

Kitinda alipita katikati yao. Mtu mmoja nyuma ya foronya akasema, "Leteni kamba tumfunge, asije akaturuka ukuta." Watu wakacheka. Baadhi yao ni wale wale waliokuwa wakimwazima baiskeli wiki moja kabla.

Nyuma yake geti likafungwa. Mabinamu zake wawili, vijana wa mabega mapana, wakasimama mbele yake na kukunja mikono.

Mzee Kina alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, ukingoni mwa kisima. Lazima nimseme kwa haki mzee huyu, maana wengi wenu mmeniandikia mkimtukana. Alipokuwa kijana, kisima kilimporomokea mchimbaji mwenzake, na yeye akaruka ndani huku udongo ukiendelea kushuka, akafukua kwa mikono hadi akamtoa mtu yu hai. Mkono wake wa kushoto haujanyooka tangu siku hiyo. Tangu siku hiyo pia hajawahi kulipia chai mahali popote mtaani. Watoto wake walilelewa kwa habari hiyo, na kwa sheria iliyotokana nayo: wa juu hamwachi wa chini.

"Shikamoo, Baba."

Mzee Kina alikuwa akiitazama pampu, iliyokuwa imeshapandishwa na kulazwa kando, bado ya moto. Hakuitikia. Wazazi hunyima watoto mengi, lakini shikamoo iliyoachwa bila marahaba mbele za watu ni kofi.

"Vua shati," alisema.

"Baba, sishuki. Na wewe nakuomba usishuke." Sauti ya Kitinda ilitetemeka, na kila mtu akaisikia inavyotetemeka. "Pampu imekohoa mle ndani kutwa nzima. Fundi matairi anakuja. Tupulize upepo kwanza, halafu nitashuka mimi mbele yako, na hiyo mita nitaichimba peke yangu mpaka iishe."

"Upepo." Mzee aliwageukia watu. "Mmemsikia? Anataka kisima kipulizwe, kama uji wa mtoto."

Kicheko kikazunguka ua.

"Daktari alisema..."

"Huyo daktari ameshashuka kisima gani?"

Kicheko tena. Kitinda akangoja kiishe. Kama kuna kitu alichojifunza stoo, ni kungoja.

"Baba, enzi zako kisima kiliua kwa udongo. Ulishuka mbio, ukafukua, ukamtoa mtu. Ulifanya sawa. Ningekuwepo ningekubeba begani kama walivyokubeba. Lakini enzi zako hapakuwa na hii." Akaigusa pampu kwa kidole cha mguu. "Kifo cha hii hakifukuliwi. Ukimfuata mwenzako humtoi. Unakwenda kulala kando yake, na anayekufuata wewe analala kando yako."

"Kwa hiyo sisi tulikuwa wajinga."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Umesema ushujaa wetu umepitwa, tuukunje tuuweke kabatini." Mzee Kina akasimama. "Jana mwanamume alikuwa yule anayemfuata nduguye. Leo mwanamume ni yule anayebaki juu anatoa mashauri. Nani kaibadilisha? Nani aliulizwa?"

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee akamsogelea mwanawe hadi wakawa wanavuta pumzi moja, na alipozungumza tena hakuwa akizungumza na watu.

"Nilikuwa naiona miguu yake pale chini. Nimefungwa kama mbuzi wa kuuzwa, na naiona miguu ya mwanangu. Wewe unadhani nilitaka kumtoa? Mimi ni mchimba visima. Nilijua hatoki. Nilitaka asilale kule peke yake. Hilo tu. Ukaninyima."

Kitinda alimpenda baba yake wakati huo kuliko siku nyingine yoyote.

Shangazi akaingilia kati. "Maneno mengi. Leteni kandili."

Wazee wakaguna kuafiki. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kazi tangu zamani: kabla ya kushuka, unateremsha taa iliyowashwa. Hewa ikiwa imechoka, taa inazimika na wewe unabaki juu, na hakuna anayekuita mwoga. Hata Mzee Kina mwenyewe, na ushujaa wake wote, hajawahi kubishana na taa.

Kandili ikawashwa, ikafungwa kwenye kamba ya ndoo, ikateremshwa. Vichwa vikasongamana juu ya shimo. Taa ikapita kijishimo baada ya kijishimo, vile vya kukanyagia vilivyochongwa ukutani mwa kisima. Ikapungua, ikawa ndogo. Ikagusa tope la chini.

Ikaendelea kuwaka, tena vizuri.

Ua ukalipuka kwa minong'ono. Mabinamu getini wakatingisha vichwa. Shangazi akamgeukia mpwa wake, uso umejaa huruma ya kuudhi.

"Taa inapumua mle ndani, mwanangu. Wewe unashindwaje?"

"Taa inajua hewa iliyochoka tu, Shangazi. Moshi wa pampu haiujui. Unaweza kuvuta sumu na taa inakumulikia." Kitinda aliona nyuso zimefunga milango, akatafuta la mwisho. "Baba. Siku ya Dume, mliteremsha taa?"

Mzee Kina aliikazia macho kamba ya taa.

"Tuliiteremsha," akasema binamu mmoja kutoka getini, taratibu, kama mtu anayekumbuka kitu. "Iliwaka."

"Mmeona? Iliwaka, na Dume akafa."

Kwa muda wa kufumba na kufumbua macho Kitinda alidhani ameshinda. Aliwaona wazee wawili watatu wakitazamana. Wenzangu, msifurahi mapema. Mtu aliyelelewa na taa hawezi kuamini kwamba taa imemdanganya. Ni rahisi zaidi kwake kuamini kwamba binadamu ndiye mwongo.

"Basi kama taa iliwaka," Shangazi alisema, na hakuinua sauti hata kidogo, "Dume hakufa kwa hewa. Alifika chini mzima, akaanguka, akangoja. Alikufa kwa kuachwa."

Neno hilo likatua. Kitinda aliliona likipita kutoka uso mmoja hadi mwingine, na nyuma yake hakuna aliyebaki upande wake. Ushahidi wake mwenyewe ulikuwa umemgeukia ukamfunga.

Hapo ndipo mama yake alipozungumza.

Alikuwa amekaa kwenye karo la kufulia, mtandio umemfunika nusu ya uso. Tangu mazishi hakuwa amesema na mtu. Alipoanza, hata Dobi aliweka pasi chini.

"Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio nimeshakipata." Akamtazama mumewe. "Mzee mwenzangu, nakuomba hiki kimoja. Niachie nyumba ya kuchekwa. Watucheke mpaka wachoke. Nitapika, nitakula, na mwanangu ataniambia shikamoo asubuhi."

Mzee Kina alimtazama mkewe. Mkono wake uliopinda ulipanda hadi kidevuni, ukashuka. Nilidhani atakubali. Nawaambia kweli, mimi ninayeitunga hadithi hii nilidhani atakubali.

"Jina jema hung'ara gizani," alisema hatimaye. "Nami sina kingine cha kumwachia mtu. Nitashuka mimi."

Kitinda aliruka mbele yake, lakini mabinamu walikuwa wameshafika. Mmoja huku, mmoja kule, wakamkamata mikono. Mzee Kina akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Leo hunifungi."

"Basi ufungwe na mkono wako mwenyewe," Kitinda alisema. Alikuwa akilia sasa na hakuficha. "Baba, nakuomba. Kamba kiunoni. Ushuke, uchimbe, ufanye utakavyo. Mimi nitashika huku juu. Ukilegea nakuvuta, basi. Hakuna mtu atakayelazimika kukufuata. Nifanyie hilo tu, na nikikosea nitatoka mtaa huu usiku huu huu."

Watu walingoja mzee acheke. Katika ukoo ule kamba ni ya ndoo. Hakuna mwanamume aliyewahi kujifunga kamba kiunoni kushuka kisimani tangu babu wa babu.

Mzee Kina alitazama chini shimoni, akatazama kamba.

"Funga," alisema.

Shangazi akasogea kando. Mabinamu wakamwachia Kitinda, naye akapiga magoti mbele ya baba yake, akamzungushia kamba kiunoni, akafunga fundo, akalifunga tena juu yake. Aliisikia harufu ya jasho la baba yake, harufu ya utoto wake. Mzee mgumu kuliko wote alikuwa amekubali, na amekubali mbele ya watu.

"Nitakuwa natikisa kamba," Kitinda alimwambia. "Kila nikitikisa, na wewe nitikisie. Usipojibu, navuta."

"Haya."

"Usikae, Baba. Hata ukichoka, usikae."

"Nimesikia." Na kabla hajaweka mguu wa kwanza kwenye kijishimo, Mzee Kina akamgusa mwanawe shavuni kwa ule mkono uliopinda. Kitinda alidhani ni msamaha.

Mzee akashuka. Kamba ilipita kwenye kapi, ikawa inakwenda polepole mikononi mwa Kitinda. Akatikisa. Ikatikiswa kutoka chini. Ikaendelea kwenda. Akatikisa tena, akajibiwa tena. Mama alikuwa amesogea ukingoni, mdomo unasema maneno yasiyosikika.

Kamba ikasimama. Mzee amefika chini. Likasikika pigo moja la sururu, halafu jingine. Watu wakaanza kupumua. Dobi akaiokota pasi yake.

Kitinda akatikisa.

Hakujibiwa.

Akatikisa kwa nguvu. Kimya.

"Vuteni," alisema, na alishaanza kuvuta mwenyewe. Mabinamu wakadaka nyuma yake, wote wakaegemea kwa uzito wao, wakijiandaa kwa uzito wa mtu mzima aliyezimia.

Wakaanguka chali, wote watatu.

Kamba ilikuja mbio, nyepesi, ikirukaruka kwenye kapi, hadi ncha yake ikatoka shimoni na kuanguka miguuni mwa Mama. Haikukatika. Haikuchomoka. Mafundo yote mawili yalikuwa yamefunguliwa, moja baada ya jingine, kwa vidole vya mtu mwenye subira.

"Baba!"

"Nipo." Sauti ilipanda kutoka chini, nzito, ya mtu anayesinzia kwenye kiti. "Nimeifungua mwenyewe. Pazuri hapa. Nimekaa... alipokaa kaka yako." Ikakatika, kisha ikarudi kwa taabu. "Haya, Kitinda. Wa juu hamwachi wa chini. Tuone sasa... kama nilizaa."

Geti halikuwa na mlinzi tena, lakini hakuna aliyelitazama. Binamu wa kwanza alikuwa ameshavua shati. Wa pili naye. Mwanamume mmoja asiye hata wa ukoo alikuwa anafungua mkanda wake, akisukumana kufika ukingoni. Ghafla ua ulijaa mashujaa.

Kitinda akausimamia mdomo wa kisima, miguu huku na huku, mikono imetanuka. "Atakayeruka tutamzika, na atakayemfuata tutamzika. Rudini nyuma."

Hakuwa akitetemeka sasa. Sijui kwa nini, na yeye hakujua. Aliitazama barabara juu ya ukuta. Sindano hakuwa amerudi. Hapakuwa na mlio wa mashine yoyote.

Akaokota ncha ya kamba, akajifunga kiunoni.

"Sikilizeni vizuri. Nitavuta pumzi hapa juu, sitavuta nyingine mle ndani. Nitashuka, nitajifunga naye pamoja, mtatuvuta sote. Wa kuvuta ni wengi. Ninayemtaka ni mmoja wa kusimama hapa mdomoni, ashike kamba, na amzuie kila mtu. Nisipotikisa, ataamuru mvute. Ikija tupu, ataamuru mkae. Hatanifuata na hatamruhusu mtu kunifuata, hata nikimwita kwa jina. Halafu kesho mtaa huu utasema alituacha tukafa, na yeye atalibeba hilo mpaka aingie kaburini. Nani?"

Aliwatazama wale waliovua mashati. Walikuwa tayari kufa, wote, na hakuwa na shaka nao. Mmoja mmoja wakainamisha macho.

"Nipe mimi."

Mama alikuwa ameshaiokota ncha ya pili ya kamba.

"Mama, si wewe."

"Nipe, mwanangu. Muda unakwenda." Akaizungusha kwenye kiganja mara mbili, akaegemeza nyayo zake kwenye ukingo wa saruji.

"Ikija nyepesi?"

"Nitakaa juu."

"Hata ukinisikia nakuita?"

Alimtazama mtoto pekee aliyebaki naye. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Hata nikikusikia," alisema. "Nenda."

Kule chini Mzee Kina hakuwa akisema kitu tena. Kitinda alivuta pumzi hadi kifua kikauma, akafunga mdomo, akaingiza mguu kwenye kijishimo cha kwanza.